Mfano Si Hoja

Napinga neno moja lililoota mizizi katika shule zetu na katika mabaraza yetu, nalo ni hili: "Tumejaribu mara tano, na mara zote tano imekubali, basi ni kweli." Neno hili lina sura ya busara. Msemaji wake huonekana mtu mwangalifu, asiyeamini upesi, aliyejaribu kwanza. Lakini mimi nasema ya kuwa ni uvivu uliovaa kanzu ya busara, na ya kuwa sisi walimu ndio tunaouvika kanzu hiyo, hasa katika somo la hesabu, ambalo ndilo lingefaa kuuvua.

Nitatoa ushahidi wangu katika jambo dogo ambalo kila mtoto wa shule amelisoma, yaani vigawo vya namba. Tukumbushane kidogo. Namba 12 hugawanyika pasipo baki kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Hivi ni vigawo vyake, pamoja na 1 na 12 yenyewe. Namba isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe huitwa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea, 1 haihesabiwi miongoni mwao. Kila namba iliyo kubwa kuliko 1, kama si tasa, imejengwa kwa kuzidisha namba tasa, nayo imejengwa kwa njia moja tu: 12 ni 2 × 2 × 3. Tena namba mbili zikiwekwa pamoja, kigawo kikubwa kupita vyote ambavyo zote mbili zinavyo huitwa kigawo kikubwa cha shirika: cha 12 na 18 ni 6. Haya yatosha. Aliye na chaki na ubao, au kijiti na mchanga, aweza kunifuata.

Nilimsikia mwalimu mmoja, ambaye jina lake silitaji wala shule yake siitaji, akifundisha ya kuwa namba tasa hazina mwisho. Jambo lenyewe ni kweli, nalo limejulikana tangu siku za Euclid, Myunani aliyeandika vitabu vyake vya hesabu yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Lakini yule mwalimu alifundisha hivi: "Zidisheni namba tasa za kwanza kwa taratibu yake, mjumlishe 1, na kila mara mtapata namba tasa mpya." Akaandika ubaoni: 2 + 1 ni 3. Kisha 2 × 3 + 1 ni 7. Kisha 2 × 3 × 5 + 1 ni 31. Akatia 7, akapata 211; akatia 11, akapata 2311. Zote ni tasa. Watoto wakaitikia kwa sauti moja. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza, "Je, mwalimu, tukitia na 13?" Akajibiwa, "Umekwisha kuona tano. Wataka ngapi? Keti."

Laiti angemwacha ahesabu! 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ni 30030. Jumlisha 1, ni 30031. Na 30031 si tasa hata kidogo. Ni 59 × 509. Mtoto yule alikuwa hatua moja tu kuufikia ukweli, na aliyemziba njia ndiye aliyewekwa kumwongoza.

Wala Euclid hakusema neno lile. Hoja yake ni hii: chukua namba tasa zo zote utakazo, uzizidishe zote pamoja, ujumlishe 1. Ukigawanya jumla hiyo kwa yo yote katika zile ulizozichukua, litabaki 1 daima. Basi namba tasa inayoigawanya jumla hiyo pasipo baki haiwezi kuwa mojawapo ya zile, ni mpya. Huenda ikawa ni jumla yenyewe, huenda ikawa imo ndani yake, kama 59 na 509 zilivyomo ndani ya 30031. Angalieni tofauti. Mwalimu yule alikuwa na mifano mitano na neno la uongo. Euclid hakuhitaji hata mfano mmoja, na neno lake limesimama zaidi ya miaka elfu mbili.

Sasa natoka katika hoja hiyo hiyo ya Euclid niingie katika jambo jipya zaidi. Mwaka 1963 mtu mmoja aitwaye Albert Mullin aliuliza hivi. Anza na 2. Kila mara zidisha namba zote ulizo nazo, jumlisha 1, kisha katika jumla hiyo tafuta kigawo tasa kilicho kidogo kuliko vyote, ukitie katika orodha yako. Tujaribu. Tuna 2; jumlisha 1, ni 3. Tuna 2 na 3. 6 na 1 ni 7. Kisha 42 na 1 ni 43. Kisha 1806 na 1 ni 1807, nayo ni 13 × 139; twachukua 13. Baada yake huja 53, na baada ya 53, ajabu, huja 5! Ile ndogo iliyosahauliwa mlangoni imeingia ya saba, na inayoifuata ni 6221671. Mullin akauliza: je, kila namba tasa itaingia hatimaye katika orodha hii?

Mtu wa mifano mitano atajibu nini? Akiwa amefika katika namba ya sita angeapa ya kuwa 5 haimo. Akisogea hatua moja angekula kiapo chake. Katika namba 51 za kwanza za orodha hii 31 imeingia ya hamsini, lakini 41 haimo. Je, haitaingia kamwe? Au itaingia ya sitini, au ya milioni? Hakuna mtu aliyeleta hoja, na mwenye akili hunyamaza. Kutafuta namba inayofuata si kazi ya mchana mmoja, maana lazima kuvunja namba yenye mamia ya tarakimu.

Mullin aliuliza pia habari ya orodha ya pili, dada yake ile ya kwanza. Kanuni ni ile ile, ila badala ya kigawo tasa kidogo twachukua kile kikubwa kuliko vyote. Huanza vile vile: 2, 3, 7, 43. Katika 1807 twachukua 139, si 13. Inayofuata ni 50207, kwa maana 2 × 3 × 7 × 43 × 139, jumlisha 1, ni 251035, nayo ni 5 × 50207. Hapa 5 imekaribia mlango, lakini si kubwa, ikaachwa nje. Je, itaingia siku nyingine?

Haitaingia kamwe, na kwa neno hili "kamwe" sitaleta mfano hata mmoja. Nisikilizeni, maana hoja yenyewe yaenea katika kiganja cha mkono. Ili 5 iingie, sharti iwe ndiyo kigawo tasa kikubwa kuliko vyote katika jumla ya siku hiyo. Basi jumla hiyo isingekuwa na vigawo tasa vingine ila 2, 3 na 5. Lakini 2 na 3 zimo tayari katika orodha, na ukigawanya jumla kwa mojawapo ya hizo hubaki 1. Basi 2 na 3 haziigawanyi. Imebaki 5 peke yake: jumla ingekuwa 5, au 25, au 125, au 625, yaani 5 iliyozidishwa kwa 5 tupu. Sasa toa ile 1 uliyoijumlisha. Utapata 4, au 24, au 124, au 624, na kila moja ya hizo hugawanyika kwa 4. Wala haiwezi kuwa vingine, kwa sababu 5 ni 4 na 1, na kila ukiizidisha kwa 5 tena, baki ya 4 hurudi kuwa 1 ile ile. Lakini zao la orodha yetu lina 2 moja tu. Namba nyingine zote ndani yake ni witiri. Haliwezi kugawanyika kwa 4. Mambo haya mawili hayakutani. Kwa hiyo 5 imefungiwa nje milele, hata orodha iendelee mpaka wapi.

Mwaka 1968 Cox na van der Poorten walionyesha kwa hoja ya kuwa katika orodha hii ya pili hazimo 5, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 wala 47. Mwaka 2012 Andrew Booker alihakikisha ya kuwa zilizofungiwa nje hazina idadi. Basi itazameni ile 41 katika orodha mbili. Katika ya kwanza haikuonekana mara 51, nasi twasema "hatujui". Katika ya pili twasema "haimo kamwe", na neno hilo halikutokana na kungoja kwa muda mrefu zaidi. Mtoto akilielewa jambo hili moja amepata elimu kuliko yule aliyekariri majedwali yote.

Wengine watanijibu: "Lakini kanuni ikiwa nzuri, ikajaribiwa mara nyingi, yafaa kuitegemea." Haya, nitawapa kanuni nzuri. Chukua 7, uiite namba ya kwanza. Kwa hatua ya pili tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 2 na 7, ni 1. Jumlisha, wapata 8. Hatua ya tatu, cha 3 na 8, ni 1, wapata 9. Hatua ya nne, cha 4 na 9, ni 1, wapata 10. Hatua ya tano, cha 5 na 10, ni 5, wapata 15. Hatua ya sita, cha 6 na 15, ni 3, wapata 18. Endelea hivyo. Utajumlisha 1 mara nyingi, na mara nyingine 11, au 3, au 23, au 47. Kila usipojumlisha 1 unajumlisha namba tasa. Eric Rowland alitangaza uthibitisho wake mwaka 2008: ukianza na 7, haitakosa. Basi mtu wa mifano aseme, "Kanuni hii huzaa tasa tu." Nami namwambia, anza na 532. Utajumlisha 2, kisha 3, kisha 1 mara nyingi, kisha 13, kisha 1, kisha 5. Mpaka hapo umefurahi. Lakini hatua ya kumi na nane utafika na 567 mkononi, na kigawo kikubwa cha shirika cha 18 na 567 ni 9. Tangu lini 9 ikawa tasa? Uthibitisho wa Rowland ulikuwa wa mwanzo wa 7, wala hakudai zaidi. Anayedai zaidi ni yule asiyejua uthibitisho ni nini.

Wako walionicheka waliposikia ya kuwa nataka kuandika haya. Husema, "Mwalimu, wafundishe watoto kuhesabu fedha. Namba hizi ni mchezo." Nawajibu kwa fedha basi. Twajua habari za watu waliokuja vijijini na upatu wa uongo: toa hiki leo, mwezi ujao utapokea kile na nusu yake. Mwezi wa kwanza wakalipa. Wa pili wakalipa. Wa tatu wakalipa, na watu wakauza mbuzi na mabati. Aliyewashauri wauze hakuwa mjinga wa kuhesabu fedha; alizihesabu vizuri sana, mara tatu. Alichokosa ni kuuliza ni kwa nini zinalipwa, na fedha hizo zatoka wapi. Swali hilo halikai katika jedwali la kuzidisha. Hukaa pale msichana yule aliponyamazishwa.

Na kama faida iwe ni mashine na benki tu, basi wajue ya kuwa mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza njia ya kuficha siri iliyo katika vigawo hivi hivi. Namba tasa mbili kubwa huzidishwa. Zao lake hutangazwa kwa watu wote, na zile mbili hufichwa. Kuzidisha ni rahisi, kuvunja ni kazi kubwa mno. Lakini kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili ni rahisi hata kama ni kubwa sana, kwa njia ya Euclid yule yule. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya mamilioni ya namba zilizotangazwa hivyo katika intaneti, wakazilinganisha, wakakuta maelfu yaliyoshiriki tasa moja na jirani yake. Papo hapo siri zake zikafunguka. Kila namba ukiitazama peke yake haina kasoro.

Sasa nimeweka mwisho mfano ulio mkali kupita yote, nao nauleta kuipiga mifano kwa mfano. Chukua namba yo yote, uizidishe kwa yenyewe hata iwe imeandikwa mara 17 katika kuzidisha, kisha jumlisha 9. Fanya hivyo hivyo kwa namba inayoifuata. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili. Kwa 1 na 2: ya kwanza ni 10, ya pili ni 131081, kigawo chao ni 1. Jaribu 2 na 3, ni 1. Jaribu 3 na 4, ni 1. Jaribu mia, jaribu elfu, jaribu milioni: ni 1, ni 1, ni 1. Ni nani asiyeamini sasa? Hata mashine ya kompyuta ikipima namba bilioni moja kwa kila sekunde itaona 1 tupu kwa idadi ya miaka yenye tarakimu 36. Walakini si kweli kwamba daima ni 1. Mara ya kwanza kanuni huvunjika katika namba 8424432925592889329288197322308900672459420460792433, nayo ina tarakimu 52. Haikupatikana kwa kujaribu moja moja, maana hakuna awezaye kujaribu hivyo. Ilipatikana kwa hoja. Basi mwenye kusema mifano mitano yatosha aniambie: mbona hapa hata mifano isiyoandikika haikutosha?

Sisemi mifano itupwe. Mfano ni kama kijana anayetangulia kutazama njia. Arudipo husikilizwa, lakini kijiji hakihami kwa neno lake peke yake. Katika darasa langu natumia orodha iliyobuniwa na Jonathan Ayres mwaka 2001. Andika 1, kisha 2. Baada ya hapo kila mara andika namba ndogo kuliko zote ambayo haijaandikwa bado, na ambayo ina kigawo cha shirika, zaidi ya 1, na ile iliyotangulia. Watoto huandika: 1, 2, 4, 6, 3, 9, 12, 8, 10, 5, 15, 18, 14, 7, 21, 24, 16, 20, 22, 11, 33. Ukizichora, mstari wake hupanda na kushuka kama ule mstari wa mashine ya hospitali ipimayo mapigo ya moyo, na kwa hiyo ndivyo wataalamu walivyoipa jina. Watoto hawakukawia kuona: 6, 3, 9. Tena 10, 5, 15. Tena 14, 7, 21. Tena 22, 11, 33. Kabla ya kila tasa iliyo witiri hutangulia yenyewe mara mbili, na nyuma yake hufuata yenyewe mara tatu. Wakaruka kwa furaha, na mmoja akaandika ubaoni neno "daima". Nikamwomba afute, aandike "mpaka 33". Akanuna kidogo. Wakaendelea: 27, 30, 25, 35, 28, 26, 13, 39. Akafuta 33, akaandika 39, bila kuambiwa.

Ndivyo walivyofanya hata wakubwa. Lagarias, Rains na Sloane, walioandika habari za orodha hii mwaka 2002, walithibitisha ya kuwa kila namba itaingia mwishowe, hakuna itakayoachwa. Walikuwa na kompyuta, wakaona namba nyingi kuliko watoto wangu, na kila mahali tasa ilikuwa kati ya mara mbili yake na mara tatu yake. Hata hivyo jambo hilo hawakuliita kweli; waliliita dhana, wakaliacha wazi kwa mwenye hoja. Alipokuja hakuwa mmoja, walikuwa wawili, Piotr Hofman na Marcin Pilipczuk, mwaka 2008, nao wakalithibitisha. Tangu hapo neno "daima" laruhusiwa ubaoni.

Naomba basi mambo mawili kwa walimu wenzangu. La kwanza, mtoto anayeuliza "na ya sita?" asiketishwe, apewe chaki. La pili, katika mitihani yetu ya vigawo, ambayo sasa huuliza tu "tafuta", liwekwe hata swali moja liulizalo "wajuaje?", na alama zake zisiwe chache kuliko za majibu. Asiyekubaliana nami na aandike katika kurasa hizi hizi, nitamsoma kwa heshima. Ila tafadhali asiniletee mifano mitano.